Seli Changa Hazijaotea

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la barabara kimekuacha. Mama anauliza kama blanketi moja linatosha kwa baridi ya huko kambini, na kama mpishi wenu bado anaunguza maharage. Anasema ujibu yote mawili, usijibu moja ukaruka jingine kama kawaida yako. Sisi huku hatujambo. Shangazi anasumbuliwa na goti, ila mdomo haumsumbui hata kidogo, kwa hiyo nyumba haijapoa. Paka wa jirani amezaa ndani ya kabati la viatu vyako na Mama alikataa watoto wake wahamishwe mpaka wafumbue macho. Babu ni mzima wa mwili. Habari za kichwa chake ndizo zilizonifanya nishike kalamu, maana simu ya kwenu hukatika kila ninapofika penye maana, na hili si jambo la kusemwa vipandevipande.

Nianze na unalolijua. Mara ya mwisho ulipopiga simu, Mama alimpa Babu azungumze nawe. Babu akakuuliza wewe ni nani, ukamwambia. Akauliza tena, ukamwambia tena. Kisha ukasema samahani mzee, nimekosea namba, ukakata. Tulisikia wote, kwa sababu simu ya Mama inapaza sauti kama redio. Kesho yake ukamtumia Mama ujumbe kwamba likizo hii huji, utabaki kambini mkipima barabara, na kwamba ungependa kumkumbuka Babu vile alivyokuwa. Mama aliusoma, akaiweka simu mezani, akatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Baadaye alituambia tusikusumbue, eti kila mtu na namna yake ya kubeba mzigo.

Sijakusumbua mpaka leo. Leo nakusumbua. Nataka uje, Kaka, na barua yote hii ni ya kukueleza kwa nini. Najua nitapita njia ndefu. Wewe ndiye uliyenipa jina la Profesa, ukisema siwezi kumwambia mtu kilichomo ndani ya sufuria bila kuanza na historia ya moto. Basi vumilia, moto ndio huo unaanza.

Baada ya ujumbe wako nilikwenda maktaba ya shule kutafuta kitabu chochote kinachoeleza ugonjwa wa Alzheimer. Kilikuwepo kimoja, cha zamani, na kilichosema ni kwamba seli za ubongo hufa, hazirudi, basi. Nilikirudisha kwenye rafu kwa hasira, kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa, na mwalimu wa baiolojia alikuwa upande wa pili wa rafu hiyo. Unamkumbuka, yule mrefu anayefuta ubao kwa mkono wa shati. Aliuliza kitabu kimenikosea nini. Nilipomwambia, alicheka kwa upole, akasema kitabu hicho kina umri mkubwa kuliko yeye, na kwamba mambo yamesonga. Halafu, kabla sijajificha, akaniandika kwenye maonyesho ya sayansi: mada, ubongo wenye Alzheimer. Nilimwomba nichore mabango halafu mwingine aseme. Akajibu kwamba mkono utakaochora na mdomo utakaosema watoke kwenye mwili mmoja.

Unanijua, Kaka. Mimi ni yule ambaye muuza duka akinipa sabuni badala ya chumvi, nashukuru na kuondoka na sabuni. Nilikosa hamu ya kula siku hiyo. Lakini mwalimu aliongeza jambo lililonipunguzia woga. Alisema aliyesoma naye darasa moja sasa ni mtafiti chuo kikuu, anachunguza hasa mambo hayo, na kwamba angemwomba anipokee Jumamosi.

Nilidhani maabara ya ubongo ni mahali pa mitungi ya kutisha. Kumbe ni chumba chembamba chenye majokofu, viti visivyolingana urefu, na tangazo mlangoni kwamba atakayeweka chakula chake kwenye jokofu la sampuli asitafute tena chakula hicho. Mtafiti mwenyewe ni mama mfupi, anasema haraka kama mtangazaji wa mpira, na alikuwa amechomeka penseli kwenye nywele, penseli hiyo hiyo aliyoitafuta mezani muda wote niliokuwa pale. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Alinikalisha mbele ya hadubini. Alinieleza kuwa chini ya kile kioo kuna kipande cha ubongo cha mtu aliyeugua ugonjwa wa Babu, kimekatwa chembamba kuliko karatasi, na kwamba mtu huyo alikubali mwenyewe, akiwa hai na mwenye akili zake, kwamba akifa wamchunguze ili wengine wasaidike. Akasema kabla ya kutazama huwa ananyamaza kidogo kwa heshima ya mwenyewe. Tukanyamaza. Jokofu likanguruma. Kisha nikatazama.

Kaka, sijui nikuelezeje. Mwanzoni niliona weusi na ukungu. Aliponizungushia kile kitufe cha pembeni, zikajitokeza seli nyingi zilizosongamana kama watu kwenye mstari, na katikati yao, huku moja, kule moja, zilikuwepo zinazong'aa kijani. Alisema ile kijani si rangi ya seli yenyewe, ni dawa ya rangi inayonata tu kwenye kitu ambacho seli changa huwa nacho. Seli changa, Kaka. Ndani ya kichwa cha mzee, tena mgonjwa. Niliitazama moja kwa muda mrefu mpaka jicho likatoa machozi. Ilikuwa na mwili mdogo wa mviringo na mkono mmoja mwembamba umenyooka, haujashika kitu bado, kama mwanafunzi mgeni aliyesimama mlangoni mwa darasa akitafuta dawati lenye nafasi.

Mtafiti aliona nimesisimka, akanipunguzia mwendo. Alisema nisije nikaenda kutangaza kwamba jambo limekwisha. Wapo wataalamu wanaotazama vipande kama vile vile na kusema hakuna seli mpya kwa watu wazima, ni rangi tu inadanganya. Wanabishana miaka sasa kama mashabiki mbele ya meza ya magazeti. Yeye yuko upande wa wanaosema zipo, lakini hata yeye anakiri kwamba kwenye ubongo wenye ugonjwa huu zinakuwa chache, na nyingi hazikomai. Swali lake ni hilo: zinazaliwa, kwa nini hazikui?

Hapo ndipo lilipoingia neno ambalo nimelirudia njiani mpaka watu wakanigeukia: epijenetiki. Alinieleza hivi. Kila seli ina kitabu kizima cha jeni, herufi zake ni zile zile tangu tulipozaliwa. Lakini juu ya herufi kunabandikwa alama ndogondogo za kemikali zinazoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Alama hizo hubadilika kwa umri, kwa maradhi, hata kwa maisha anayoishi mtu. Kwenye ugonjwa huu zinavurugika: jeni ambazo zingeisaidia seli changa ikue zinanyamazishwa, na nyingine zilizopaswa kukaa kimya zinapiga kelele. Ila kitabu hakijachanika. Hilo ndilo lililonifanya nisikae vizuri kwenye kiti. Kitabu hakijachanika, ni alama tu, na alama huenda zikabanduliwa. Kwa panya wamejaribu na wameona dalili nzuri. Kwa watu, bado. Alilirudia neno hilo, bado, huku akigonga meza, nisije nikaondoka na dawa mfukoni.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikuhisi umbali. Kilichokuwa kinanisumbua ni namna ya kuyasema haya yote, na si kwa shule peke yake. Nilitaka kumweleza Babu. Kichwa ni chake, nikaona si adabu watu wote wakijadili yaliyomo ndani yake naye amekaa palepale haambiwi.

Nilipofika mlangoni nilimkuta sebuleni, amevaa shati lake jeusi la urefa, filimbi shingoni, anampa Shangazi kadi ya njano kwa kosa la kusimama mbele ya televisheni. Shangazi analalamika kwamba yeye anafagia tu, Babu anamwambia nahodha peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kusema na refa. Unajua hakustaafu moyoni. Kadi zake bado zinakaa mfuko wa kifuani, na kazi aliyoifanya umri wake wote ndiyo iliyobaki imesimama wakati mengine yanaanguka. Nikasimama pale na mkoba begani nikacheka peke yangu, maana jibu nililokuwa nalitafuta njia nzima alikuwa amelishika mkononi.

Nilimkalisha nikamwambia: Babu, kuna timu, wachezaji wake ni jeni. Mchezaji akipewa kadi nyekundu hajafa, jina lake bado lipo kwenye orodha, ila amekaa nje, hachezi. Sasa katika ugonjwa fulani kadi zinagawiwa ovyo. Wenye kosa wanaachwa uwanjani, wasio na kosa wanatolewa. Na wapo vijana wa akiba, wanapasha misuli pembeni mwa mstari, hakuna anayewaita waingie.

Babu alisikiliza vizuri kuliko darasa langu lote lilivyokuja kusikiliza. Kwanza alitaka jina la huyo refa anayegawa kadi ovyo, ili ashtakiwe chama. Halafu akanisahihisha kwamba kadi nyekundu ikishatoka haifutwi uwanjani. Nikamwambia hizi huenda zikafutika, wapo watu wanajaribu. Akafikiri, akasema basi hiyo si kazi ya refa, ni kazi ya kamati ya rufaa. Kaka, nilimwandikia mtafiti maneno hayo, akanijibu kwamba ameyabandika mlangoni, juu ya tangazo la jokofu: Kamati ya Rufaa.

Kabla sijafika kwenye maonyesho kuna jambo huna habari nalo, kwa sababu lilianza ukiwa umeshaondoka. Tangu mwanzo wa mwaka huu Babu huenda kila alasiri kwenye uwanja wa nyuma ya kiwanda cha mikate, wanapocheza watoto wa mtaani kwetu. Anawachezesha. Wao walimpokea vizuri sana, maana ndiye mtu mzima peke yake asiyewafukuza. Tatizo likawa moja: Babu alikataa kuanzisha mchezo bila mshika kibendera. Mama akanituma mimi. Kibendera chenyewe ni kitambaa tulichokata kwenye ile fulana yako nyekundu, naomba radhi, na mti wake ni kijiti cha ufagio.

Siku za mwanzo nilikuwa nasimama pale na kitabu mkono mmoja, kibendera mkono mwingine. Mtoto mmoja akafunga bao la wazi la kuotea, mimi niko katikati ya ukurasa. Babu alisimamisha mchezo, akatembea mpaka kwangu mbele ya uwanja mzima, akanichukua kitabu akakiweka nyasini, na kunifundisha taratibu kabisa kwamba mshika kibendera hatazami mpira, anatazama mstari. Tangu siku hiyo jina langu likawa Kibendera. Hata nyumbani. Kibendera, lete chai. Kibendera, umechelewa. Shangazi akasema Profesa kapandishwa cheo, na wote tukacheka.

Kilio kikubwa cha Babu pale uwanjani ni golikipa. Upande wa kiwandani hauna. Kila siku anakwenda kulitazama lile goli la mawe mawili, anasikitika, anasema mechi gani hii isiyo na golikipa, kisha anamweka mtoto mdogo kuliko wote, ambaye wenzake wanamwita Mlango Wazi. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Sasa maonyesho. Ukumbi ulijaa. Mtafiti alikuja, mwalimu alimkalisha mbele. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwachia Babu, Mama na Shangazi walikuja naye, shati jeusi, filimbi na vyote. Nilipanda jukwaani na rula ndefu ya kuonyeshea. Nilianza vibaya. Sauti ilikuwa ndogo mpaka kijana mmoja wa nyuma akauliza kama filamu ni bubu. Nikaendelea, nikaeleza ile sehemu ndogo ya ubongo iliyojikunja ambapo kumbukumbu mpya hushikwa, nikaonyesha mchoro wangu, na nilitaka kusema kwamba seli changa zimeota. Hilo tu. Lakini kwa kuwa rula ilikuwa imegusa mahali penyewe, ulimi ukaongeza silabi. Nikasema, kwa sauti iliyosikika vizuri kuliko zote, kwamba seli changa zimeotea hapa.

Filimbi ikalia.

Babu alikuwa amesimama, mkono umenyooka juu kama inavyotakiwa. Mwalimu mkuu akaanza kuinuka kwenye kiti chake, Mama akamshika Babu mkono. Mimi nilitaka jukwaa linimeze. Halafu nikaona Babu hamtazami Mama, wala mwalimu mkuu, ananitazama mimi na rula yangu iliyoinuliwa, na nikaelewa anangoja nini. Nikainyoosha rula vizuri kama kibendera.

Babu akauliza, Kibendera, nani kaotea? Nikajibu ni seli changa, refa. Akauliza mpira ulipopigwa ilikuwa imesimama nusu gani. Nikamwambia nusu ya kwao, refa, imezaliwa humo humo. Babu akashusha mkono, akatikisa kichwa kama mtu aliyesumbuliwa bure, akatangaza kwa ukumbi wote kwamba mchezaji aliye nusu ya kwao hana kosa la kuotea, mchezo uendelee. Akaketi.

Kaka, ukumbi ulipasuka. Yule kijana wa filamu bubu alipiga meza mpaka ikaanguka. Mimi mwenyewe nilicheka jukwaani, mimi, na kicheko kilipokwisha woga ulikuwa umeondoka nacho. Nilitupa karatasi zangu pembeni nikaeleza yote kwa kadi na wachezaji wa akiba na kamati ya rufaa, nikawaambia pia wazi kwamba wataalamu wanabishana, kwamba dawa haijapatikana, bado, na nikagonga meza. Waliniuliza maswali mpaka kengele. Msichana mmoja wa kidato cha chini alinifuata nje kuuliza kama bibi yake naye anaweza kuwa na seli za akiba. Nilimwambia sijui, lakini wapo watu wanatafuta, na huenda mmoja wao akaja kuwa yeye.

Sasa nifike nilipokuwa naelekea tangu mstari wa kwanza. Hili sikumwambia Mama mpaka juzi, na wewe ndiye wa pili kulisikia katika nyumba yetu.

Siku chache kabla ya maonyesho tulikuwa tumekaa ngazini, Babu na mimi, anatoa matope kwenye viatu vyake kwa kijiti. Mimi nilikuwa nasoma. Akaniambia, kwa adabu ile anayoitumia kwa wageni, kwamba kuna jambo angependa kuniuliza kama sitajali. Nikamwambia aulize. Akauliza kama nimewahi kumwona mjukuu wake. Nikadhani anakuulizia wewe. Akasema, yule wa kike, mkimya, anayesoma huku anatembea mpaka anagonga nguzo. Akasema siku nyingi hajafika. Akasema anaona mimi na yeye tungepatana sana, tunafanana mambo mengi, ila yeye, masikini, hajui kuona mtu aliyeotea.

Kibendera halikuwa jina la utani, Kaka. Sisi ndio tuliokuwa tunatania. Babu alikuwa hanijui. Sijui ni lini Profesa alitoka kichwani mwake, pengine ni mapema kabla hajakuuliza wewe ni nani kwenye simu. Nilimjibu kwamba nimemwona, hajambo, anamsalimu. Akasema mwambie aje. Nikaenda kwenye kamba ya nguo. Sasa najua kwa nini Mama huenda pale.

Nilisimama katikati ya mashuka mabichi nikalia, halafu nikiwa bado nalia kitu kikanishika. Mwaka jana hapakuwa na Kibendera. Hakuna mtu yeyote ulimwenguni aliyekuwa na jina hilo. Kwa hiyo Babu hakumkumbuka kutoka zamani, na hakuna picha yake ya utotoni wala siku aliyompeleka shule. Alikutana naye mwaka huu, akiwa mgonjwa tayari, akajifunza kumjua. Anajua sauti yake, anajua kosa lake la kutazama vitabu, anamwangalia mstarini kabla ya kupuliza filimbi, akichelewa anamgombeza. Babu ambaye kitabu cha maktaba kilisema anabomoka tu, Kaka, ndani ya mwaka huu huu amempata mtu mpya, na mtu huyo ni mimi.

Nilifuta uso kwa shuka, nikarudi ngazini mbio, nikamuuliza Babu kesho tunacheza saa ngapi. Akasema kama kawaida, na nisije na kitabu.

Baada ya maonyesho nilimshika mtafiti pembeni nikamweleza yote, na nikamuuliza kama Kibendera anaweza kuhesabiwa kuwa ushahidi wa seli changa. Alisema hapana. Alisema hakuna anayeweza kujua bila kutazama ndani, kwamba huenda ni seli za zamani zilizofanya kazi hiyo, kwamba urefa umemkaa Babu mwilini na mimi nimeingia kwa mlango huo, na kwamba mtu mmoja hathibitishi kitu. Nilikubali, kwa sababu ni kweli, na sitaki kukudanganya kwa jina la sayansi. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaniomba nimsimulie tena tangu pale ngazini, polepole. Nilipomaliza alikuwa anatafuta penseli. Safari hii nilimwambia ilipo.

Basi, Kaka, hii ndiyo sababu. Ulipokata simu nadhani uliogopa kwamba amekufuta. Huenda amekufuta, mimi sijui, mimi mwenyewe nimefutwa. Lakini usije kudai nafasi yako ya zamani. Njoo kama mgeni, njoo kwa majaribio. Glavu zako zipo juu ya kabati, paka hajazigusa, nimezipiga vumbi. Atakutazama, atakuuliza wewe ni nani. Usimwambie umekosea namba. Mwambie wewe ni golikipa.

Nilipofika hapa Babu amepita nyuma yangu akauliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia namwandikia golikipa mmoja yuko mbali, huenda akaja. Amesimama. Ameuliza kama ni mrefu. Nimesema ndiyo. Ameuliza kama anaruka pande zote mbili. Nimesema kushoto zaidi. Amesema nikwambie mchezo huanza alasiri, usichelewe, na kwamba goli la upande wa kiwandani ni lako, mpaka utakapokuja Mlango Wazi atakushikia.

Mama anakusalimu na anangoja majibu yake mawili. Shangazi anakusalimu na anasema ukija ulete dawa ya goti na usisahau kwamba kadi yake ya njano haikuwa halali. Watoto wa paka wanakusalimu, wamefumbua macho jana, sasa wameanza kutembelea viatu vyako kimoja kimoja. Wasalimie wenzako wa kambini, hasa mpishi. Nakutakia safari njema, maana nimeshaamua moyoni kwamba unakuja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
aliyekuwa Profesa,
sasa
Kibendera